Jembe la Ndotoni

Nchi yetu ipo. Wageni wakitua uwanja wa ndege huuliza kama kweli hii ni nchi, nasi huwaonyesha bendera, wimbo na foleni, wakaridhika. Jina lake silitaji kwa sababu wiki hii linabadilishwa tena. Mimi ni Afisa Magodoro Daraja la Pili katika Wizara ya Usingizi na Ndoto, kwa hiyo haya nitakayoyasema sikuyaokota barazani. Niliyaona, mengine nikiwa nimekumbatia mto.

Wizara yetu ilizaliwa siku Waziri wetu, Daktari Mwinyipembe, alipomwendea Mheshimiwa Rais na wazo. Udaktari wa Waziri si wa tiba wala wa kitu kingine kinachofahamika, lakini mawazo anayo.

"Mheshimiwa," alisema, "wananchi wako mchana kutwa wanakupigia makofi. Hata hotuba haijaanza, wao makofi. Lakini wakishamaliza makofi huenda wapi? Huenda kulala. Na wakilala, nani anajua wanaota nini?"

Rais alijikuna kidevu, akaunda wizara.

Zikaagizwa kofia za waya kutoka ng'ambo, sanduku zima. Mtu mwenye kipaji akiivaa na kulala, anaweza kuingia ndoto ya mtu mwingine kama unavyoingia kwa jirani. Na wenye kipaji kwetu hawakukosekana. Tangu enzi za mabibi wapo wale wanaokwambia, "Jana nimekuota," ukajikuta unaangalia pembeni kwa aibu. Wizara iliwakusanya, ikawashonea sare, ikawaita Waingiaji. Hodari wao alikuwa binti mmoja wa mtaani kwetu, Siwatu Machano. Siwatu tangu mdogo, akikuota na wewe unamuota, na mkikutana asubuhi anaendeleza mazungumzo pale mlipoishia.

Maelezo ya kofia yalikuja katika kitabu kinene, kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua, basi Waziri akakiweka chini ya mguu mfupi wa meza yake, na meza ikatulia. Kofia moja ikapakwa dhahabu ikapelekwa Ikulu. Waziri alimwambia Rais kwamba hiyo ni ya ulinzi: akilala nayo, hakuna kiumbe atakayemwingilia ndotoni. Rais hakuivua tena kila alipolala. Kama naye ana kipaji au hana, hakuna aliyeuliza. Katiba inasema vipaji vyote anavyo.

*

Sasa, Waingiaji ni watumishi wa serikali, na mtumishi wa serikali ikifika saa tisa na nusu alasiri anakwenda nyumbani. Walipoambiwa kazi ya ndoto ni ya usiku, walitaka posho ya usiku, posho ya baridi na posho ya kuogopa. Serikali ikaona heri iwabadilishe wananchi. Likapigwa tangazo: kuanzia leo taifa zima litalala na kuota mchana, saa saba hadi saa tisa, baada ya chakula, kwa wenye chakula. Viwanda vikasimama. Madereva wakaegesha palepale barabarani wakainamia usukani. Aliyekutwa macho saa hizo alishtakiwa kwa kuficha ndoto.

Mambo yakaanza vizuri, yakakwama mahali ambapo kitabu kile cha ng'ambo, hata kingesomwa, kisingesaidia. Waingiaji wetu walilelewa. Mtu akifika kwenye mlango wa ndoto ya mwenzake, mguu unakataa wenyewe. Anasimama, anasafisha koo, anasema, "Hodi!"

"Nani?" anauliza mwota ndoto kutoka ndani.

"Serikali!"

"Ah, karibu mwanangu, karibu sana! Ila subiri kidogo, navaa."

Na katika huko kuvaa, jamani, watu walikuwa wanahamisha ndoto nzima! Afisa akiingia anakuta picha ya Rais ukutani, redio inapiga wimbo wa taifa, na sahani ya mihogo mezani, kwa kuwa mgeni haachwi hivihivi. Anakula, anashukuru, anaaga. Mwezi haujaisha, ripoti zikaonyesha kwamba taifa zima linaota picha ya Rais, na Waingiaji wote wamenenepa.

Waziri alifoka. "Ingieni bila hodi! Mnapiga hodi kwa washukiwa?"

"Bila hodi, Mheshimiwa?" Siwatu alishika kifua. "Nyumbani kwa watu? Mama yangu akisikia nitamwambia nini?"

Ikaandaliwa semina ya kuacha kupiga hodi, yenye chai na maandazi. Siku ya pili mkufunzi mwenyewe alichelewa. Alisimama mlangoni, akainamisha kichwa, akasema, "Hodi humu ndani?" Semina ikavunjwa.

*

Basi tukawa katika hali hiyo, mara alasiri moja Ikulu ikapigwa king'ora. Rais ameamka analia, na viganja vimetoka malengelenge.

Baraza la Mawaziri likaitwa mbio. Rais akalieleza, kofia ya dhahabu ingali kichwani. Alikuwa ndotoni, katika nyumba nzuri ndogo, ameketi kwenye kiti karibu na dirisha, anakula wali wa nazi na samaki wa kupaka. Hapo mawaziri walimeza mate kwa huruma, kwani kila mtu anajua madaktari wamempiga marufuku Rais chumvi, mafuta na nazi, na Ikulu anakula vitu vya kuchemsha kama mgonjwa. Alikula siku ya kwanza. Alikula siku ya pili. Siku ya tatu, kabla hajanawa mikono, akaja mwanamke wa makamo, kanga kaifunga kiunoni, akamkabidhi jembe.

"Akasemaje, Mheshimiwa?" Waziri aliuliza kwa kunong'ona.

"Akasema, 'Haya baba, leo siku ya tatu. Shamba lile pale.'"

Mawaziri wawili walizimia, mmoja kwa dhati.

"Adui amempenya Mkuu wa Nchi!" alinguruma Daktari Mwinyipembe. "Amepasua ulinzi wa dhahabu! Na hakupenya kutukana tu, amepenya kumpa kazi!"

Akaitwa msanii anayechora noti. Rais akaeleza, msanii akachora, na picha ikatolewa kwenye televisheni saa ya chakula. Mimi nilikuwa nakula kwa shangazi yangu. Tonge lilinidondoka. Pale kwenye kioo alikuwa shangazi mwenyewe, dada wa baba, Bi Mwanamosi, na kidoti chake cha shavuni.

"Lo!" alisema shangazi, akaisogelea televisheni. "Angalau wangenichora na meno yote." Kisha akanigeukia. "Kumbe yule bwana ndiye Rais? Mbona kwenye picha ni mrefu?"

Nje kulisikika breki za magari, buti, mitutu, halafu sauti nzito yenye adabu: "Hodi!"

"Nani?"

"Kikosi Maalumu!"

"Karibuni, wanangu. Subirini kidogo, navaa."

Wakasubiri. Shangazi akavaa kanga zake mpya, akafunika chungu, akaniambia nisisahau kuzima jiko, akatoka kwenda kukamatwa.

*

Nisimamishe hadithi kidogo niwaambie shangazi ni nani, maana magazeti yalimwita jasusi wa kimataifa, na pasipoti hana. Alikuwa mpishi wa shule ya wasichana hadi shule ilipokosa mchele. Mumewe, Farijala, alikuwa fundi redio, mtu mkimya ambaye hajawahi kusifia chakula hata siku moja; alikula, akafuta mdomo, akarudi kwenye redio zake. Alifariki. Shangazi alilia hadi majirani wakachoka kumbembeleza, halafu siku moja akaacha kulia. Farijala amemjia ndotoni. Amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, amekula wali, na amesema, "Mwanamosi, tamu." Basi serikali ilipoamuru watu walale mchana, katika nchi nzima mtu pekee aliyetii kwa furaha alikuwa shangazi yangu. Mchele umekuwa ghali kama dhahabu, nazi hazishikiki. Akiwa macho alikula mihogo, na akilala akapika.

Nilimtembelea mahabusu. Nilikuta amewafundisha askari kukuna nazi vizuri.

"Shangazi, umemwingilia Rais?"

"Mimi? Mimi nimwingilie yule nimtakie nini? Yeye kaja kwangu! Natoka jikoni namkuta kashakaa, kwenye kiti cha Farijala. Farijala kachuchumaa ukutani kama mtoto aliyechelewa madrasa. Nikasema, mgeni huyo, astahiwe. Siku ya pili hivyohivyo. Sasa mwanangu, wewe unajua, mgeni siku mbili. Ya tatu mpe jembe."

"Usiseme hivyo, shangazi," nilimsihi, kwa sababu mimi ni mtu wa serikali. "Rais haingii kwa watu. Rais hutembelea."

"Hata anayetembelea hupiga hodi."

Nikamweleza basi kuhusu sheria, ambayo Rais aliisaini kwa mkono wake mwenyewe: mtu yeyote, awe nani, atakayeingia ndoto ya mwingine bila hodi wala kibali, atadungwa sindano ya usingizi mtupu. Ukidungwa hiyo, kila ukilala unalala kama gogo mpaka kufa kwako, huoti tena hata kuku.

Kwa mara ya kwanza nilimwona shangazi anaogopa. Aliketi sakafuni.

"Jela siogopi," alisema. "Jela nitapika. Lakini sindano hiyo... Farijala atakuja na kukuta mlango umefungwa. Atadhani nimeolewa."

Nilitoka pale nikiwa siwezi kuona njia vizuri. Vumbi lilikuwa jingi siku hiyo.

*

Kesi ilisikilizwa katika Ukumbi wa Taifa, na nasema bila majivuno kwamba magodoro niliyapanga mimi. Jaji Msengesi aliamuru mahakama ihamie mahali pa tukio. Wote tulilala, na shangazi kwenye godoro la mshtakiwa. Jaji alitangulia, kwa uzoefu. Siwatu alivaa kofia yake ya waya akatushikanisha mikono mmoja kwa mmoja, maana mwingiaji mzuri anaweza kuvusha wasio na kipaji kama unavyovusha watoto barabara. Yeye kamshika Jaji, Jaji kamshika Waziri, na mimi mkiani nilishika pindo la koti la Waziri. Rais alilala peke yake kitandani pa taifa, na dhahabu yake kichwani.

Tukajikuta nje ya nyumba ndogo. Harufu, ndugu zangu! Nazi inachemka, samaki yuko juu ya makaa. Jaji alipiga chafya kwa utamu.

Siwatu alisimama mlangoni. "Hodi!"

"Nani?" Ilikuwa sauti ya shangazi.

"Mahakama Kuu!"

"Karibuni! Subirini kidogo, navaa."

Tukasubiri, mahakama nzima, mikono nyuma. Na tukiwa tunasubiri hivyo, Rais akatokea nyuma yetu. Hakutusalimu. Alitupita pua ikiwa mbele, akasukuma mlango kwa bega, akaingia.

Tukaanza kukohoa, kila mmoja kikohozi chake. Jaji aliangalia mawingu.

"Mheshimiwa Jaji," alisema Siwatu, "umeona nani kapita bila hodi."

"Pingamizi!" Waziri alikuwa mwepesi, hilo nampa. "Mwenye nyumba hapigi hodi kwake! Rais ameingia kwake, katika ndoto yake. Mvamizi ni huyo mwanamke aliyetangulia ndani!"

Jaji akashika kidevu. Hoja ilikuwa nzito. Hata mimi, Mungu anisamehe, niliona ina mantiki. Nikaiona sindano.

Tulipokaribishwa ndani, Rais alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti cha dirishani na sahani mapajani. Ukutani, katika fulana nyeupe, alichuchumaa mjomba Farijala, marehemu, akiwaangalia watu wanavyokanyaga mkeka wake na viatu. Alinikonyeza.

"Nyumba hii ni ya nani?" aliuliza Jaji.

"Yangu," alisema Rais huku akitafuna. "Nchi nzima yangu, ndoto itakuwa ya nani?"

Waziri alipiga makofi. Shangazi hakubisha. Alichota mchuzi kidogo kwa mwiko, akauonja, akakunja uso.

"Sawa, baba. Kwako ni kwako," alisema. "Mchuzi huu umepungua chumvi. Hebu tupatie chumvi."

Rais aliweka sahani chini. Alisimama, akaangaza chumba. Alifungua kabati, akakuta vipuri vya redio. Akaona kopo la biskuti, uso ukamng'aa, akalifungua: nyuzi, sindano na vifungo. Katika nchi yetu hata mtoto anayetambaa anajua kwamba ndani ya kopo la biskuti hamna biskuti, sembuse chumvi.

"Juu ya kabati, Mheshimiwa," Waziri alinong'ona.

Juu ya kabati kulikuwa na sanduku la nguo. Rais aliinama uvunguni, akatoka na kiatu. Alifungua hata saa ya ukutani. Jasho lilimtoka chini ya dhahabu. 

Hapo Farijala, bila kuinuka, alinyoosha mkono nyuma ya mtungi wa maji, akatoa kifuu cha nazi, akampa mkewe. Chumvi.

Shangazi alitia, akakoroga, akampa Jaji aonje. Jaji alionja. Akaonja tena. Akaomba sahani. Hukumu aliisoma mdomo umejaa, lakini sote tuliisikia: "Hata marehemu anajua chumvi ilipo! Nyumba ni ya Bi Mwanamosi. Mgeni ni... mgeni ni yule mwingine."

"Lakini kofia!" alilia Rais. "Waziri, si ulisema ya ulinzi?"

Siwatu akajibu, kwa kuwa Waziri alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. "Mheshimiwa, kofia zote zilikuja sanduku moja, na zote ni za kuingilia. Mwenye kipaji akiivaa bila kuambiwa aende kwa nani, anafuata pua. Mwenye njaa anafika jikoni."

Sindano, sheria, saini, "awe nani": kila mmoja aliyakumbuka kimoyomoyo, na Rais kuliko wote. Aliitazama sahani yake. Nilimwona mtu anayehesabu maisha yote yaliyobaki, ya maboga ya kuchemsha macho yakiwa wazi, na giza tupu akiyafumba.

Shangazi alikwenda nyuma ya mlango akaleta jembe.

"Mimi sitaki mtu adungwe sindano," alisema. "Nataka mume wangu akae kwenye kiti chake. Basi."

*

Tulipoamka ukumbini, Jaji alitoa uamuzi wa kihistoria, yaani wa kuokoa kila mtu aliyekuwa na gari la serikali. Bi Mwanamosi hana hatia. Aliyeingia hatajwi. Sheria ya sindano imefutwa, na mahali pake imewekwa nyingine: mtu yeyote, awe nani, akifika kwenye ndoto ya mtu, apige hodi na angoje mpaka mwenyewe amfungulie. Rais aliisaini palepale, mchuzi ungali mashavuni. Alisaini haraka kuliko sheria zote alizowahi kusaini, kwa hofu ya kukosa chakula cha kesho.

Kesho yake saa saba shangazi alijilaza, na Siwatu akanivusha nikamsalimie mjomba. Farijala alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Shangazi alimpakulia, akakaa chini mkabala naye, akamwangalia anavyokula.

"Mwanamosi," alisema mjomba, "tamu."

Shangazi alicheka, halafu akafuta macho kwa pembe ya kanga. Ndipo mlango ukagongwa, taratibu, kama anavyogonga mtu ambaye hajazoea.

"Hodi," ilisema sauti. Ni sauti ile ya kwenye redio, ila imepunguzwa.

"Nani?"

"Mimi. Rais."

Shangazi alimwangalia Farijala. Farijala aliangalia sahani yake. Shangazi akamwongeza samaki.

"Karibu, baba, karibu sana," akaitikia. "Ila subiri kidogo, navaa."

Saa tisa taifa liliamka. Rais hakuamka. Madaktari walimpima wakasema mwili mzima ni salama, ila amesimama mahali. Kuingia hawezi, sheria ni yake. Kuondoka hataki, harufu inamshika. Huu ni mwaka wa pili. Amelala na dhahabu yake, mabango yake yapo, hotuba zake zinasomwa, miradi yake inazinduliwa, na sisi wananchi, kusema kweli, tofauti bado hatujaiona.

Waziri ndiye anayeteseka. Kila Ijumaa anakuja mwenyewe kwa shangazi, nyumba hii ya kweli, si ile ya ndotoni, na msafara wa magari na fungu la zawadi: mchele, nazi, samaki. Anasimama mlangoni, anavua kofia.

"Hodi, Bi Mwanamosi! Taifa linakuomba. Bado tu?"

Shangazi hupokea mchele kupitia dirishani. Kutoka ndani husikika kitunguu kikikaangwa.

"Navaa, mwanangu," husema. "Navaa."